Mtego Uliooshwa Kila Alhamisi

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, watu thelathini na sita wa kaya ishirini na mbili walikusanyika mbele ya ghala la mazao la kitongoji cha Mshituni, katika milima ya Upare iliyo juu ya mji wa Same, ili wapokee mitego ya inzi. Wanawake walikuwa ishirini na mmoja, wanaume kumi na watano. Wageni wawili hawamo katika hesabu hiyo. Mmoja alikuwa Rabia, ofisa ugani wa kata, binti wa Kondoa ambaye watu wa mlimani walimwita Bibi Shamba, kama walivyowaita wanawake wote waliomtangulia katika kazi hiyo. Wa pili alikuwa Erasmo, wakala wa kampuni iliyokuwa ikinunua maparachichi ya kitongoji na kuyasafirisha ng'ambo.

Habari waliyoileta ilikuwa moja. Inzi wa matunda, mgeni aliyeingia kutoka Asia miaka mingi iliyopita, alikuwa amekwisha kuisumbua miembe ya tambarare na sasa alikuwa akipanda mlima. Hutoboa ganda, hutaga mayai ndani, na tunda huwa kaburi lililopakwa chokaa: nje zuri, ndani funza. Kwa sababu hiyo Serikali na kampuni walikuwa wamekubaliana kumkabili kwa pamoja. Kampuni ingetoa mitego na dawa. Serikali ingetoa mtaalamu wa kuwahesabu inzi, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Wakulima wangetoa mikono yao, yaani wangeokota kila tunda lililoanguka na kulifukia katika shimo refu.

"Akionekana funza mmoja," alisema Erasmo, "halirudishwi tunda moja. Linarudishwa lori zima."

"Na huko kufukia," aliuliza Melkizedeki, mwenyekiti wa kitongoji, "mchungaji naye anahitajika?"

"Wewe fukia tu, Mwenyekiti," alijibu mwanamke mmoja aitwaye Jenifer, bila kuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka. "Mchungaji atakuja siku ya mavuno, kuchukua fungu la kumi."

Watu walicheka. Rabia akasubiri watulie, kisha akainua juu kopo la plastiki lenye kifuniko cha njano, ambalo ndani yake mlikuwa na chambo chenye harufu kali. Alieleza kwamba mtego ule haukukusudiwa kuwamaliza inzi. Kazi yake ilikuwa kupima. Kila Ijumaa yeye mwenyewe angepita nyumba kwa nyumba kuukagua.

Katika mstari wa mbele aliketi Ernesta Mbwambo, ambaye watu walimwita Mama Elibariki kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alisikiliza maelezo yote kwa makini, akayaelewa, na katika yote hayo jambo lililomkaa moyoni ni kwamba kila Ijumaa mtu wa Serikali angekuja kukagua.

Ernesta alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, mwenye miparachichi kumi na minane, na hapakuwa na mtu safi kumzidi katika safu ile ya milima. Uwanja wake ulifagiliwa kabla ukungu haujainuka, nyayo za ufagio zikionekana udongoni kama mistari ya daftari jipya. Watu walisema kwamba hata kuku wake walipita pembeni.

Usafi huo ulikuwa na chanzo chake. Mwaka 1974, Ernesta akiwa na umri wa miaka minane, bwana afya alipanda mlima kukagua vyoo na vichanja vya vyombo. Kwao alikuta sufuria ya makande imelala chini na mbwa akiilamba. Katika mkutano wa hadhara uliofuata, jina la mama yake lilisomwa mbele ya kijiji kizima, na watoto wenzake wakamwimbia Ernesta habari za mbwa na sufuria mpaka shule ikafungwa. Mama yake hakulia. Alikata fito, akajenga vichanja viwili mahali palipohitajika kimoja, na tangu siku hiyo hakuna mgeni wa Serikali aliyekuta uchafu katika boma lile. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho, kila aliposikia gari likipanda mlima, bibi yule aliuliza, "Vyombo vimeoshwa?"

Basi Alhamisi ya kwanza, Ernesta alipouangalia mtego na kuona inzi waliokufa wametapakaa chini ya kopo, weusi, wanene, alishtuka kama mtu aliyekuta panya ndani ya unga wa wageni. Aliuangua mtego mtini, akawamwaga inzi shimoni, akalisugua kopo kwa sabuni na maji ya moto. Chambo alikirudisha mahali pake kwa uangalifu mkubwa, maana hakuwa mharibifu wa mali ya watu. Kisha akautundika mtego tena, ukawa unametameta majanini. Hakuona kwamba amedanganya. Alikuwa amefanya alilolifanya maisha yake yote: mgeni anakuja, nyumba inasafishwa.

Kesho yake Rabia alifika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uangalie."

Rabia aliangalia. Ndani mlikuwa na inzi wawili, waliokuwa wameingia asubuhi ileile. Aliandika, akatabasamu. "Hongera, mama. Wote wangekuwa kama wewe, ningelala usingizi."

Sifa hiyo ilimwingia Ernesta kama uji wa moto siku ya baridi. Ikamwingia na Jenifer, ambaye shamba lake lilipakana na la Ernesta na ambaye alikuwa akisikiliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Elibariki," alisema Jenifer, mgeni alipokwisha kuondoka, "mtego wako unang'aa hivyo una nini? Wangu unatia kichefuchefu."

"Kwani wewe huna sabuni?"

Mwezi haukuisha kabla jambo hilo halijawa desturi. Alhamisi alasiri, ungepita kando ya mfereji wa maji ungewakuta wanawake wamechutama wakisuuza makopo, na wanaume wachache wakisuuza ya kwao wakijifanya wanaosha majembe. Katika kazi nyingine hawakukosa. Kila Jumamosi walitoka kwa msaragambo, ndiyo kazi ya pamoja ya Wapare tangu enzi za mababu, wakaokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia kwa haki. Isipokuwa mapera. Mapera yaliota korongoni, chini ya mashamba, hayakupandwa na mtu wala hayakuwa ya mtu. Yakaiva, yakaanguka, yakaozea hapohapo.

Mtu mmoja tu hakuuosha mtego wake. Huyo alikuwa Sadock, kapera wa makamo mwenye miparachichi minne na uvivu wa kupigiwa mfano. Ilisemwa kwamba Sadock akisalimiwa asubuhi huitika jioni. Kila Ijumaa Rabia alikuta mtego wake una inzi wengi kuliko juma lililotangulia, na kila Ijumaa alimhimiza afukie matunda yake, kwa kuwa kitongoji kizima kilichobaki kilikuwa safi na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na inzi. Aprili, Ernesta alimfuata akiwa na mche wa sabuni mkononi na Mwenyekiti Melkizedeki nyuma yake.

"Sadock, huoni haya? Mtego wa Serikali umekuwa ndoo ya choo!"

"Mama Elibariki, niliambiwa nitundike, nikatundika. Kuosha hakukutajwa."

"Unakiaibisha kitongoji kizima."

"Inzi wamekuja wenyewe, mama. Mimi sikuwaalika."

Melkizedeki alicheka, kisha akakumbuka cheo chake, akakohoa. Alimwonya Sadock kwamba asipobadilika ataondolewa katika kikundi. Sadock aliipokea sabuni kwa mikono miwili, akaapa kuuosha mtego kesho yake, na kesho yake akalala.

Mwanzoni mwa Julai lori la kampuni lilipakia mavuno ya Mshituni, likashuka kwa kona zote zile mpaka Same. Katika ghala la kufungashia, mkaguzi wa afya ya mimea alichukua matunda machache kama ilivyo kawaida, akayapasua kwa kisu. Katika la tatu alikuta funza. Mzigo wote ukakataliwa.

Erasmo alipanda mlima siku iliyofuata, uso umekunjamana, akasema mbele ya watu waliokuwa ghalani kwamba hesabu za Bibi Shamba zilikuwa hesabu za mezani. "Anakaa mgahawani Same anakunywa chai na kujaza namba. Inzi wawili! Watatu! Mmoja! Hao funza wamezaliwa na nani?" Malalamiko yake yakafika halmashauri. Ikapangwa kwamba Jumanne, tarehe 22 Julai, mkaguzi wa halmashauri aje Mshituni pamoja na Erasmo. Hesabu zikithibitika kuwa za uongo, Rabia ashitakiwe kinidhamu, na kitongoji kitolewe katika mpango kwa miaka mitatu.

Ijumaa ya tarehe 11 Rabia alikuja kwa Ernesta kama kawaida. Mtego uliooshwa jana yake ulikuwa uking'aa. Aliutazama, kisha akafunga daftari.

"Sasa hao funza wametoka wapi, mama?" alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mitego yote mitupu, isipokuwa wa yule Sadock. Laiti ingejaa mwezi wa Aprili! Ningepiga simu siku ileile, na kampuni ingeleta dawa ndani ya juma moja. Ndiyo makubaliano yetu nao. Wastani wa inzi ukiwa mkubwa, dawa inakuja. Ukiwa mdogo, haiji."

Ernesta aliyekuwa ameshika ufagio aliacha kufagia. "Kumbe kuwa na inzi wengi si kosa?"

"Kosa la nani, mama? Mtu akipeleka makohozi zahanati, akakutwa na ugonjwa, anafungwa jela? Anapewa dawa."

"Na yule ambaye..." Ernesta alianza, akaishia hapo. "Ngoja nikuletee chai, mwanangu."

Aliingia jikoni, akasimama mbele ya birika. Alikwisha kuelewa yote. Akisema, angejulikana kuwa ndiye aliyewafundisha wenzake kuosha, na ndiye aliyewakosesha mavuno. Jina la nyumba yao, alilolifagia kwa miaka hamsini, lingetajwa tena mkutanoni. Asiposema, binti wa watu angepoteza kazi kwa hesabu alizozihesabu kwa uaminifu. Alimimina chai, akaongeza sukari kuliko alivyozoea, akaitoa nje. Rabia alikunywa, akashukuru, akapanda bodaboda akashuka mlima, na maneno yakabaki jikoni.

Alhamisi iliyofuata Ernesta alichemsha maji, akachukua sabuni, akaenda mpaka chini ya mti. Inzi walikuwa wameanza kujaa tena. Alisimama pale na ndoo ikifuka mvuke, mkono ukimwasha kwa hamu ya kuosha. Kisha akayapeleka maji bafuni na kuogea, akaurudisha mche wa sabuni rafuni. Ijumaa Rabia hakuja, kwa kuwa alikuwa ameagizwa asiguse mitego mpaka mkutano upite. Siku zikaenda. Kila asubuhi Ernesta alifagia uwanja hadi karibu na mti, akageuka, akakwepa kutazama juu.

Jenifer hakukwepa. "Mama Elibariki, unaumwa?" aliita kutoka upande wake wa ua. "Mtego wako umemshinda wa Sadock!"

"Siumwi."

"Basi nikuoshee?"

"Uache kama ulivyo, Jenifer." Sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba Jenifer alirudi nyuma hatua mbili, akaenda zake akinung'unika kwamba uzee hauna adabu.

Siku ya mkutano walihudhuria watu thelathini na mmoja. Mkaguzi, mwanamume mpole mwenye miwani, aliketi nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa. Rabia aliketi pembeni, mikono mapajani, kama mwanafunzi anayengoja kuitwa. Erasmo alisimama kwanza.

"Mheshimiwa, namba ni hizi. Kuanzia Machi mpaka Julai, kitongoji kizima, wawili, watatu, mmoja. Labda inzi wa Mshituni wakisikia Bibi Shamba anakuja, wanakimbilia kanisani!"

Wachache walicheka. Ernesta, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na kitu alichokifunika kwa khanga mapajani pake, aliinuka.

"Mheshimiwa Mkaguzi, naomba nafasi."

Alikwenda mpaka mezani, akafunua khanga, akaweka mtego juu ya kitambaa cheupe. Harufu ilitangulia. Waliokaa karibu walijivuta nyuma na viti vyao. Kopo lilikuwa jeusi hadi nusu.

"Huu ndio mtego wangu," alisema. "Alioukuta Bibi Shamba siku zote ulikuwa umeoshwa. Nimeuosha kila Alhamisi tangu Machi, nikawafundisha na wenzangu. Huyu binti alihesabu alichokikuta. Asilaumiwe."

Erasmo alimkodolea macho. "Uliosha mtego? Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mgeni alikuwa anakuja."

Hakuna aliyecheka. Kila mwanamke aliyekuwapo aliijua sababu hiyo kama alivyolijua jina lake, na wengi waliinamisha vichwa. Ndipo Melkizedeki alipovua kofia yake na kusimama polepole.

"Mimi wangu nauosha kwa majivu," alisema. "Sabuni imepanda bei."

Kicheko kilipasuka, kikazunguka, kikamfikia hata mkaguzi, ambaye alivua miwani akaifuta. Mmoja baada ya mwingine watu wakaanza kukiri: huyu kwa maji matupu, yule kwa mchanga wa mtoni, mwingine alimtuma mkamwana. Kicheko kilipoisha mkaguzi aliuliza kama yupo yeyote ambaye hakuosha kabisa. Vichwa vyote viligeuka nyuma, alikokuwa Sadock ameegemea ukuta.

"Ni mimi," alisema Sadock. "Lakini msinipongeze, Mheshimiwa. Nia ya kuosha nilikuwa nayo."

Mkaguzi aliomba asomewe hesabu za mtego wa Sadock peke yake. Rabia alizisoma. Machi zilikuwa ndogo. Zikapanda Aprili, zikapanda tena Mei. Mkaguzi akauliza ni tunda gani linaloiva mlimani kuanzia miezi hiyo. Watu walitazamana, na wengi wakajibu kwa pamoja kwamba ni mapera. Mapera ya korongoni, ambayo si ya mtu na ambayo hakuna aliyeyafukia.

Ernesta alikuwa bado amesimama. Alimgeukia Sadock. "Nilikuambia kwamba unatuaibisha. Nilikukosea. Mbele ya hawa wote, nakuomba radhi."

Sadock alijikuna shingo. Hakuzoea kuombwa radhi, maana kwa kawaida ni yeye aliyeomba. "Yameisha, mama. Ila ile sabuni siirudishi."

Uamuzi ulitolewa kabla ya saa nane mchana. Maparachichi ya msimu ule hayangekwenda ng'ambo. Yangeuzwa katika soko la Same na kwa wachuuzi, kwa bei watakayoipata. Kampuni ingeleta dawa ndani ya juma lile, na Serikali ingeongeza mtaalamu mmoja. Kitongoji kingetoka kwa msaragambo na kuyafukia mapera yote ya korongoni. Kingebaki katika mpango kwa majaribio ya msimu mmoja, na mitego isiguswe na mkono wowote isipokuwa wa Bibi Shamba. Rabia hakuwa na shitaka la kujibu.

Erasmo alimwendea, akasimama wima kama anayekagua gwaride. "Bibi Shamba, yale maneno yangu ya chai nayaondoa."

"Hata chai yenyewe hukunilipia," alisema Rabia. Kwa mara ya kwanza mwezi ule alicheka.

Watu walipotawanyika, Rabia alimkuta Ernesta akiufunga upya ule mtego katika khanga yake, kwa mazoea ya kutoonyesha uchafu njiani.

"Mama, siku ile ulitaka kuniambia. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakupikia chai, mwanangu."

Si wote waliolipokea jambo hilo kwa kicheko. Wapo waliopiga hesabu ya msimu uliopotea wakaona kwamba sabuni ya Ernesta iliwagharimu sana, wakamwambia hivyo usoni, tena kwenye ngazi za kanisa. Aliwasikiliza wote bila kujitetea. Jenifer hakumwambia neno. Aliacha tu kuja kwenye ua.

Mapera yalifukiwa kwa Jumamosi tatu. Dawa ilifika siku iliyoahidiwa. Mtego wa Ernesta ulirudishwa kwenye mti wake mbele ya uwanja, mahali ambapo kila apitaye njiani aliweza kuuona na inzi wake na vumbi lake, na chini yake uwanja ukaendelea kufagiliwa kila asubuhi.

Siku ya Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, wanakikundi waliitwa tena mbele ya ghala, wakahesabiwa. Kati ya kaya ishirini na mbili, zilibaki kumi na saba. Tatu zilijitoa kwa kukataa kungoja msimu mwingine, na mojawapo ilikuwa ya Jenifer. Moja ilihamia kijiji cha Kileo. Moja haikutoa sababu. Watu waliofika walikuwa ishirini na wanane: wanawake kumi na wanane, wanaume kumi. Rabia alikuwapo. Erasmo alikuwapo. Ernesta alikuwapo, katika mstari wa mbele. Sadock naye alikuwapo, ingawa alichelewa.